Kubadilisha Kazi Baada ya Miaka Mingi ya Ufundi: Somo kwa Wakazi wa Tarbaj

Katika vijiji vingi vya Kaunti Ndogo ya Tarbaj, fundi wa injini ya kisima anajulikana kuliko hata mwenyekiti wa kamati ya maji. Jilaal inapokaza, ngamia wamejipanga kwenye mabirika, injini inakohoa mara mbili kisha inanyamaza, ni yeye anayetafutwa hata ikiwa saa nane za usiku. Anafika na spana zake ndani ya gunia, anasikiliza, anafungua chujio, ananusa mafuta. Mifugo na watu wanamngojea. Kazi hii imelisha nyumba na kusomesha watoto katika wadi zote nne za Tarbaj, Elben, Sarman na Wargadud.

Kazi hiyo sasa inabadilika. Dizeli ni ghali, na kuifikisha kwenye kisima kilicho mbali na barabara ni gharama nyingine juu yake. Kwa sababu hiyo paneli za sola zinawekwa kwenye visima vingi vya ukanda huu. Mradi wa kitaifa wa KOSAP, ulioidhinishwa mwaka 2017 kwa ajili ya kaunti 14 zilizo mbali na gridi ya umeme, zikiwemo Wajir, Garissa na Mandera, uliorodhesha pampu za sola za visima kuwa miongoni mwa shughuli zake. Palipo na paneli, injini huwaka kwa saa chache tu au huachwa kama akiba. Fundi aliyeitwa kila wiki sasa anaitwa mara moja kwa miezi kadhaa.

Mwashi naye ana shida yake, ila inatoka mwilini mwake. Mtu aliyechonga mawe ya chokaa, akachimba berkad na kupanda jukwaa kwa miaka 20 au 25 hujikuta na mgongo usiokubali tena kuinama, magoti yanayouma asubuhi, na kifua kilichovuta vumbi la mawe na saruji kwa muda mrefu. Mchomeleaji ana macho yake ya kuangalia. Fundi cherehani huanza kushindwa kutunga uzi. Hakuna aibu katika jambo hilo. Mwili ni chombo cha kazi kama vingine, nao huchakaa.

Somo hili linahusu fundi wa aina hiyo, mwenye miaka 40 au 50, ujuzi wa kutosha, watoto wa kulisha na pengine asiye na cheti hata kimoja, anapoona kwamba lazima abadilishe kazi. Linamhusu pia mkazi asiyeshika spana. Fundi wa kisima akiacha kazi ghafla na kwenda kufungua duka bila kumwachia mtu ujuzi wake, kijiji kizima hulipa wakati wa jilaal.

Kuhesabu anachokijua

Kosa linaloonekana mara nyingi ni fundi kudhani kwamba kubadilisha kazi ni kuanza sifuri. Anauza vifaa, ananunua pikipiki kwa mkopo, anaingia kwenye bodaboda pamoja na vijana wa miaka 20 ambao wana nguvu kuliko yeye na hawana familia ya kulisha. Katika ushindani huo, miaka yake 25 ya kazi haina thamani yoyote. Mwingine hufungua duka la rejareja katika mtaa wenye maduka sita yanayouza sukari ileile na unga uleule. Biashara si mbaya, na watu wa kaunti hii wanaijua vizuri. Lakini mtu anayejua biashara kwa sababu ameifanya tangu utotoni na mtu anayeikimbilia kwa sababu mgongo unauma hawaanzii mahali pamoja.

Kabla ya kuchagua kazi mpya, fundi anafaa kukaa chini na mtu anayejua kuandika, hata mtoto wake wa sekondari, waandike kila kitu anachokijua. Haitoshi kuandika "mwashi". Kaandike kwamba anajua kusoma mchoro wa nyumba, kukadiria mawe na mifuko ya saruji kabla ya kazi kuanza, kupanga vibarua wanane bila ugomvi, kujua mchanga wenye chumvi kwa kuuonja, kutambua ufa unaotokana na msingi na ule unaotokana na plasta, kuzungumza na mwenye nyumba anayetaka kubadilisha chumba katikati ya kazi. Orodha kama hiyo huonyesha jambo ambalo fundi mwenyewe huwa hajaliona: nusu ya anachokijua hakihitaji mgongo. Kukadiria, kusimamia, kukagua na kufundisha hufanywa na mtu aliyesimama au aliyeketi.

Hapo ndipo kazi mpya inapotafutwa. Kazi nzuri kwa fundi wa miaka mingi ni ile iliyo jirani na ya zamani, ambako bado ataulizwa maoni yake siku ya kwanza. Mwashi anaweza kuwa msimamizi wa ujenzi, mkadiriaji wa vifaa, mkandarasi mdogo au mkufunzi. Mchomeleaji aliyezoea kutengeneza mikokoteni ya punda anaweza kuuza na kukata vyuma badala ya kuvichoma. Fundi wa injini ana mlango ulio karibu zaidi kuliko wote, na unastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kutoka dizeli hadi sola

Watu husema sola ni kazi ya vijana wa kompyuta. Si kweli, angalau si kwenye kisima. Kwa sehemu kubwa pampu ya sola ni kisima kilekile. Mabomba ni yaleyale, na yakitaka kunyanyuliwa bado wanahitajika watu wanaojua kufunga mnyororo na kushika bomba lisitumbukie. Maji ni yaleyale yenye chumvi inayokula chuma. Swali kubwa nalo halijabadilika: kisima hiki hutoa maji kiasi gani kwa saa kabla kina hakijashuka, na pampu ikiendelea hapo itavuta hewa? Kijana aliyetoka chuoni na cheti kizuri hawezi kulijibu swali hilo kuhusu kisima fulani cha Tarbaj. Fundi aliyekitumikia miaka 15 analijibu bila kufungua daftari, maana anakumbuka kilivyofanya katika ukame wa 2011, na tena katika ule wa 2020 hadi 2023 ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo.

Anachokosa fundi wa dizeli ni umeme, na hapa hapafai kufanyiwa mzaha. Injini ikizimwa, imezimika. Paneli haizimiki wakati jua linawaka. Mtu anayegusa waya za paneli saa sita mchana anagusa kitu kilicho hai hata kama swichi ya pampu imezimwa. Paneli zinapounganishwa mfululizo kwa ajili ya pampu ya kisima, umeme wake unaweza kufika mamia ya volti, tena ni umeme wa moja kwa moja ambao cheche yake ikishawaka haikatiki kirahisi kama ya umeme wa kawaida wa nyumbani. Unaua, na unaweza kuchoma kibanda cha mitambo. Fundi aliyezoea kujifunza kwa kufungua na kujaribu, kama alivyofanya na injini yake ya kwanza, asijifunze sola kwa njia hiyo.

Ndiyo maana kazi hii ina leseni. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwapanga mafundi katika ngazi tatu. T1 ni ya mifumo midogo yenye betri moja, isiyozidi wati 100. T2 ni ya mifumo ya kati isiyozidi wati 300. T3 ni ya mifumo mikubwa, pamoja na ile mseto na ile inayounganishwa na gridi. Leseni hutolewa na mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA. Pampu ya kisima cha kijiji haimo katika ngazi mbili za chini. Kwa hiyo fundi anayelenga visima ajue tangu mwanzo kwamba safari yake ni ndefu kuliko ya anayelenga taa za nyumbani na kuchaji simu, na asikubali kuambiwa na mwenye kozi ya siku tatu kwamba atatoka akiwa tayari kwa kisima.

Wakati safari hiyo ikiendelea, kuna kazi halali ya kufanya chini ya fundi mwenye leseni: kunyanyua na kushusha pampu, kujenga na kukaza fremu za paneli, kuzungushia ua ili mbuzi wasipande, kuosha vumbi alfajiri kabla paneli hazijapata joto, kuandika kila siku kiasi cha maji kilichotoka. Kuosha paneli kunaonekana kazi ya mtoto. Lakini vumbi la Wajir likikaa wiki chache hupunguza umeme, maji hupungua birikani, na kamati huanza kumlaumu fundi wa pampu kwa kosa la kitambaa.

Wanaofikiri dizeli imekwisha nao wapunguze kasi. Mifumo mingi ya visima huwekwa mseto: sola mchana, jenereta usiku au siku za mawingu, na zote mbili jilaal ikiwa kali na mifugo ikinywa usiku kucha. Jenereta inayowaka mara chache huharibika kwa namna yake, mafuta hulala ndani ya tangi, betri hufa, mipira hukauka. Anayeijua jenereta na kuelewa paneli, wote wawili kwa mtu mmoja, ndiye ambaye kamati ya maji itataka kumshika kwa mkataba wa mwaka badala ya kumwita kwa simu. Tofauti ya mkataba na simu ni kubwa kwa mtu mwenye karo za kulipa.

Karatasi ya ujuzi wa zamani kwanza

Mafundi wengi wa Tarbaj walijifunza kwa kumfuata mkubwa. Mtoto alipelekwa kwa adeer wake au kwa fundi wa mtaa, akabeba vifaa, akatukanwa kidogo, akafunzwa. Mafunzo hayo ni mazuri na hayana cheti. Shida huanza siku fundi anapotaka kuajiriwa na kampuni ya ujenzi, kuomba zabuni au kujiunga na chuo, akaulizwa karatasi.

Ushauri wa wengi ni kwamba aende asomee kitu kipya. Ushauri ulio bora ni kwamba kwanza apate karatasi ya kile anachokijua tayari. Kuna njia mbili, na zote ni za serikali ya taifa.

Ya kwanza ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Una daraja tatu: ya III ndiyo ya kuanzia, kisha II, kisha I ambayo ndiyo ya juu. Mtihani huu umekuwepo kwa muda mrefu na waajiri wa ujenzi na karakana wanautambua. Unapima kwa vitendo zaidi, lakini una maswali ya nadharia pia, na hapo wengine hukwama kwa sababu ya lugha badala ya kukosa ujuzi. Mwashi anayejua timazi na pimamaji vizuri sana huenda hajui majina yake ya Kiingereza. Wiki mbili za kujifunza majina ya vifaa pamoja na mwanafunzi wa chuo humwondolea kikwazo hicho. Aulize pia mapema jinsi nadharia inavyoulizwa na kama msaada wa lugha unaruhusiwa.

Njia ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini, unaojulikana kwa herufi RPL. Unasimamiwa na KNQA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2014 kupanga sifa zote za elimu na mafunzo katika ngazi 10, ambapo shahada ya uzamivu ni ngazi ya 10. Tanzania wanao mpango wa namna hii kupitia VETA na wanauita urasimishaji wa ujuzi, jina linaloeleweka haraka. Ufaransa inao tangu sheria yake ya mwaka 2002, na Afrika Kusini pia inao. Wazo ni moja kila mahali: mtu apimwe kwa anachoweza kufanya, mahali alipojifunzia pasiwe kizuizi.

Kupitia RPL fundi hukutana kwanza na mshauri anayemweleza ngazi inayomfaa. Kisha hukusanya ushahidi wa kazi zake, hutathminiwa na mtu anayeijua fani hiyo katika kituo kilichoidhinishwa, na matokeo hukaguliwa kabla ya cheti kutolewa. Tathmini hutazama kazi yenyewe na kumhoji fundi kuihusu. Ikibainika kwamba anajua sehemu tu, huelezwa sehemu inayokosekana ili akaisomee hiyo, badala ya kurudia kozi nzima ya mambo anayoweza kumfundisha mwalimu. Miaka peke yake haitoshi. Aliyefanya kazi miaka 20 kwa njia moja isiyo sahihi anaweza kuanguka mbele ya aliyefanya sita vizuri.

Ushahidi ndio unaowasumbua watu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiweka kumbukumbu. Lakini majengo bado yamesimama. Mwashi azungukie kazi zake na simu, apige picha ya madarasa, berkad, duka na msikiti alioujenga, na kila picha iandikwe mahali na mwaka. Mwenye jengo aandike barua fupi. Fundi wa kisima apate barua ya kamati ya maji yenye muhuri, ikisema alihudumia kisima kipi na kuanzia lini. Mwalimu mkuu ambaye madawati yake yalichomelewa na fundi fulani anaweza kuandika hivyo. Chifu na msimamizi wa wadi wanaweza kuthibitisha kwamba mtu huyu anajulikana kwa kazi hii. Risiti za zamani za vipuri, hata zilizofifia, ni ushahidi. Mwanagenzi aliyefunzwa naye na ambaye sasa ana kazi yake ni ushahidi mzuri kuliko risiti.

Jambo dogo linalokwamisha wengi ni jina. Kitambulisho kinasema hivi, barua ya kazi inasema vile, cheti cha shule ya msingi kina tahajia ya tatu, na mtaani anaitwa kwa lakabu. Majina ya Kisomali yaliandikwa na makarani kwa jinsi walivyoyasikia. Kabla ya kulipia mtihani wowote fundi alinganishe karatasi zake zote na kitambulisho, na penye tofauti apate hati ya kiapo mapema. Kulirekebisha jina baada ya cheti kuchapishwa huchukua muda na pesa zaidi.

Kwa wajenzi kuna mlango mwingine. Mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, NCA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2011, huwatambua mafundi stadi na wasimamizi wa ujenzi pamoja na kuwasajili wakandarasi katika ngazi nane, ya nane ikiwa ya chini kabisa. Mwashi ambaye mgongo umechoka lakini jicho bado linaona ukuta uliopinda umbali wa hatua 20 ndiye mtu wa kuomba utambuzi wa msimamizi. Barabara ya Isiolo hadi Mandera, ambayo inapita Tarbaj, inaleta kampuni zinazouliza karatasi hizo langoni, na asiyekuwa nazo huandikwa kibarua hata kama ujuzi wake unamzidi anayemwandika.

Anayetaka kufundisha

Vituo vya mafunzo ya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na vinahitaji watu wanaojua kazi. Wazee wengi hufikiri kwamba kufundisha ndiyo kazi nyepesi ya kumalizia. Wajue mambo mawili. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013 inataka mkufunzi awe na sifa, asajiliwe na apewe leseni na TVETA. Ndiyo sababu cheti cha ujuzi hutangulia, na baada yake yafuate mafunzo ya ualimu wenyewe, kama yale yanayotolewa na chuo cha kitaifa cha wakufunzi wa ufundi, KTTC, kilichoko Nairobi. Kwa kozi za ufundi wa ngazi ya juu, taasisi kubwa ya umma iliyo karibu katika ukanda huu ni North Eastern National Polytechnic, Garissa.

La pili halimo katika sheria. Fundi mzuri mara nyingi ni mwalimu mbaya mwanzoni, kwa sababu mikono yake inajua mambo ambayo mdomo wake haujawahi kuyasema. Anayetaka kujua kama ualimu unamfaa achukue wanagenzi wawili kwa miezi mitatu, ajizuie kuwanyang'anya spana wanapokosea, aone kama anaweza.

Pesa na misimu

Hapa ndipo mabadiliko mengi huvunjika. Karibu kila anayebadilisha kazi hupata kidogo kuliko zamani katika miezi ya mwanzo, na mafundi huwa hawaambiwi hivyo na wauza kozi. Chukulia nyumba inayotumia shilingi 25,000 kwa mwezi, na mafunzo ya miezi mitatu yatakayomwacha fundi na nusu ya mapato yake. Pengo ni shilingi 37,500 hata kabla ya ada, nauli ya Wajir na malazi. Akiongeza miezi mitatu ya kutafuta kazi baada ya cheti, pengo linafika 75,000. Nambari za kila nyumba zitatofautiana. Lililo muhimu ni kwamba ziandikwe, mke na mume wakiziangalia pamoja, kabla ya mtu kujiandikisha.

Wengi watasema wauze mbuzi. Sawa, lakini wauze lini? Mnyama aliyeshiba baada ya gu' ana bei, na mnyama huyohuyo katikati ya jilaal, akiwa mbavu tupu na soko limejaa wauzaji, huuzwa kwa hasara. Anayepanga kusoma auze mapema na aweke pesa kabla kiangazi hakijaingia.

Msimu una maana nyingine kwa fundi wa kisima. Jilaal ndiyo mavuno yake. Akienda chuoni Januari ataikosa, na kijiji kitamkosa yeye. Mvua ikinyesha, wafugaji hufuata malisho na mabwawa, visima hupumzika, naye hana kazi. Kwa hiyo miezi ya gu' na deyr ndiyo ya kozi fupi na mitihani, na asubiri kuacha dizeli mpaka awe na angalau kazi mbili za sola zilizolipwa. Vifaa asiviuze mwaka wa kwanza. Spana zilizouzwa kwa bei ya haraka haziwezi kununuliwa tena kwa bei hiyo.

Kuhusu mikopo, wakazi wengi hujiepusha na riba, na kuna njia nyingine. Hagbad ambayo wanawake wa mtaa huicheza kila mwezi inaweza kupangwa ili zamu ya mwenye kusoma iangukie mwezi wa ada. Jamaa wanaweza kutoa qardhi isiyo na riba iliyoandikwa tarehe ya kurejeshwa. Benki zinazofuata sharia zipo nchini. Kukopa kwa programu ya simu ili kulipia kozi ambayo haijathibitishwa na TVETA wala NITA ni jambo la kuepuka kabisa.

Karatasi bandia

Palipo na watu wanaohitaji vyeti, wauzaji wa vyeti hufika. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa taasisi za umma ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi. Walionaswa walitakiwa kutoka kazini na wengine walifuatwa na mpelelezi. Kwa fundi anayejua kazi yake hasara ni mbaya zaidi, kwa kuwa anakuwa amenunua uongo kuhusu jambo ambalo lilikuwa kweli. Mtu yeyote anayeahidi daraja ya NITA, cheti cha RPL au leseni ya sola bila mtihani, kwa malipo ya simu kwa nambari ya mtu binafsi, ni mlaghai hata akiwa na sare na kadi shingoni.

Mzee darasani

Mtu anayeitwa Adeer na mtaa mzima, ambaye vijana humpisha njia, ataketi siku moja mbele ya mwalimu aliyezaliwa wakati yeye tayari ana wanagenzi. Wengine huacha kozi kwa hilo tu, wakisema nauli imekuwa ghali. Hakuna dawa kubwa. Inasaidia kwenda wawili, mafundi wa rika moja kutoka mtaa mmoja. Inasaidia pia kubadilishana waziwazi: kijana amweleze mzee volti na ampea, mzee amwonyeshe kijana jinsi ya kusikia beringi inayokufa. Walimu wenye busara hupenda mpango huo, na darasa zima hufaidika.

Familia nayo ina sehemu. Mtoto akimwona baba na daftari jioni asicheke.

Ujuzi usiohesabiwa

Mjadala huu kwa kawaida huishia kwa wanaume, ilhali katika kaunti hii nyumba ya kwanza ya ufugaji, aqal, hujengwa na wanawake. Wao husuka mikeka, hukunja matao ya miti, hupakia yote juu ya ngamia na kuisimamisha tena mahali papya. Hakuna anayeiita fani. Lakini kusuka, kupima na kushona ni stadi zinazoweza kutathminiwa kama nyingine yoyote, hasa pale mwanamke anapotaka kuhamia ushonaji wa sare za shule, mapazia au maturubai. Mama aliyeshona kwa miaka 18 barazani mwake ana haki ileile ya RPL na ya mtihani wa NITA aliyonayo mwashi. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sare ni miongoni mwa vitu ambavyo taasisi za umma hununua kila mwaka. Kikundi kilichosajiliwa chenye mwanachama mmoja mwenye cheti kinaweza kuomba.

Pa kuanzia

Mkazi wa Tarbaj anayetaka kuanza aende kwanza kwa msimamizi wa wadi yake au katika kituo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu, aulize tarehe za usajili wa mtihani wa NITA na kituo cha RPL kinachopokea fani yake kwa sasa. Huduma Centre ya Wajir hushughulikia mambo ya kitambulisho na cheti cha maadili mema. Abebe kitambulisho, barua mbili za waliomwajiri au aliowahudumia, picha za kazi zake kwenye simu na ile orodha ya anachokijua. Asiyekuwa na barua aende hivyohivyo kuuliza. Barua zinaweza kutafutwa wiki zinazofuata, lakini tarehe ya usajili ikipita ni kungoja awamu nyingine. Fundi wa kisima, kabla ya kuondoka kwenda kozi, aikabidhi kamati jina na nambari ya simu ya mwanagenzi atakayeitwa injini ikizima.